Wasomaji Wanauliza: Michezo Kwenye Shule za Milimani

Tangu tulipoandika habari za walimu wanaojitolea nje ya nchi, barua zimekuja kutoka Kongwa, Kondoa, Bahi, Manyoni, mpaka Singida mjini. Wengi wenu mmeshapata nafasi: wiki mbili, tatu, au mwezi mzima kwenye shule za vijijini milimani, hasa Nepal na Lesotho, kuwaendeshea walimu wa huko warsha za michezo. Maswali mengi yanafanana, hivyo tumechagua manane na kuyafupisha. Yanajibiwa na jopo letu la walimu wa michezo na daktari wa wanamichezo.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, nimezoea kuandaa timu za UMITASHUMTA. Nakwenda Nepal kwa wiki tatu. Nimetumiwa picha ya shule: uwanja ni kama kibaraza, upande huu darasa, upande ule korongo. Huku kwetu uwanja ni tambarare mpaka macho yachoke. Pale nitafundisha nini? – Mwalimu, Kongwa

Marahaba, Mwalimu. Usipange mchezo wowote kabla hujajua vipimo. Waombe wenyeji wako picha tano: moja kutoka kila pembe ya uwanja, na ya tano ikichungulia ukingoni ili uone kilichoko chini. Waombe pia wakuhesabie hatua za mtu mzima kwa urefu na kwa upana. Hatua moja ya kawaida ichukulie kuwa sentimita 75 hivi. Kwa habari hizo tu utakuwa umejua nusu ya kazi yako.

Vilima vya Nepal vimechongwa matuta kama ngazi, kwa ajili ya mpunga na ulezi, na shule nayo hukaa juu ya tuta. Kwa hiyo uwanja huwa mrefu na mwembamba. Umbo hilo linaikataa soka ya kumi na moja kwa kumi na moja, lakini linaupokea vizuri mpira wa wavu, na bahati nzuri wavu ndio mchezo wa taifa wa Nepal tangu 2017. Usishangae ukikuta watoto wa darasa la sita wanaupiga kuliko wewe. Anza na wanachokijua.

Uwanja kamili wa wavu ni mita 18 kwa 9, na ukiongeza mita 3 za nafasi kila upande unahitaji mita 24 kwa 15. Ukikosa, chora mita 12 kwa 6, shusha wavu hadi mita 2, na wacheze watatu kwa watatu. Urefu wa uwanja ufuate urefu wa tuta. Mpira mwingi husafiri kwenda na kurudi kwa urefu, kwa hiyo ukiulaza uwanja kinyume, kila anzisho litaelekea bondeni, na kila mpira utakaopotea utakula nusu saa ya kuufuata.

Hata hivyo mpokeaji akiupokea vibaya, mpira huruka pembeni, na pembeni ndiko kuliko ukingo. Hapo unahitaji kizuizi. Wavu wa kuvulia uliochakaa, ambao wavuvi wa Mtera hawautumii tena, unafaa kuliko kitu chochote cha dukani: kipande cha mita 20 kwa 3 hukunjwa kikaingia mfuko mmoja. Zamisha nguzo sentimita 60 ardhini, moja kila baada ya mita 4. Sasa sikiliza vizuri, maana wengi hukosea hapa. Usiukaze wavu. Uliokazwa unaurudisha mpira kwa nguvu ile ile, au unaurusha juu na kuuvusha. Uache ulegee kidogo, na chini ubakize sentimita 50 zilizolala ndani ya uwanja, zishikwe na mawe. Mpira ukigonga, wavu unaunywea, nao unadondoka pale pale.

Wavu huo ni wa kuzuia mpira. Hauwezi kumzuia mtoto anayekimbia. Kwa hiyo mita 3 kutoka ukingoni panga mawe yaliyopakwa chokaa, na iwe marufuku mtoto yeyote kuyavuka, hata mpira ukiwa umesimama nyuma yake tu. Achaguliwe mtu mzima mmoja wa kuufuata. Sheria hii itangazwe kabla ya filimbi ya kwanza, na ikivunjwa mchezo usimame.

Kwa michezo ya miguu, chukua ujuzi wako wa utotoni wa chandimu. Mpira wa matambara haudundi na hauviringiki mbali, na kwenye tuta hizo ndizo sifa unazozitaka. Soksi moja kubwa, matambara gramu 250 hivi yaliyosokotwa kwa nguvu, halafu tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande vyembamba vya sentimita 1, vivishwe kwa kupishana mpaka soksi isionekane. Ukiudondosha kutoka usawa wa kiuno unapaswa kuinuka chini ya goti. Ukiinuka zaidi, tyubu zimekuwa nyingi. Ukifumuka mapema, matambara hayakusokotwa. Nne kwa nne, goli la hatua mbili, hakuna kipa, na mpira ukipanda juu ya goti ni faulo.

Rede nayo inafaa sana: wawili wanarusha, wa katikati wanakwepa, na eneo la mita 8 kwa 4 linatosha. Warushaji wasimame kwenye ncha mbili za tuta. Mkuki, kisahani na tufe viache nyumbani. Chini ya ukingo kuna mtu analima.

Ninakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Nitapelekwa shule zilizo juu sana, eneo la Everest. Nadhani mapafu yangu yako tayari. Au nakosea? – Kijana, Dodoma

Kijana, mapafu mazuri hayakukingi. Ugonjwa wa mwinuko humpata anayepanda haraka, na wakimbiaji ndio wanaopanda haraka.

Jiji la Dodoma liko karibu mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Shule nyingi za vilima vya kati vya Nepal ziko kati ya mita 1,000 na 2,500. Huko utahema kwenye ngazi lakini ni nadra kuugua. Hesabu hubadilika ukizidi mita 2,500. Namche Bazaar, kwenye njia ya kwenda Everest, iko mita 3,440, yaani kama umesimama kileleni Hanang. Shule ya Khumjung, iliyoanzishwa kwa msaada wa Edmund Hillary, yule mpanda Everest, mwaka 1961, iko karibu mita 3,790. Kila pumzi unayovuta pale ina oksijeni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Dar es Salaam.

Kanuni ni hii. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiwe juu ya pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku mbili mahali pamoja. Ndege inakutoa Kathmandu, mita 1,400, na kukutua Lukla, mita 2,860, kwa muda mfupi kuliko basi la Dodoma hadi Kongwa. Ndiyo maana wasafiri wengi hawalali Lukla: hushuka Phakding, mita 2,610, kesho yake hupanda Namche na kukaa hapo usiku mbili kabla ya kuendelea. Wenyeji wako wakikuwekea ratiba ya kufundisha Khumjung siku ya tatu tangu utue, waandikie kwa heshima waisogeze.

Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au usingizi wa mang'amung'amu. Ukiziona, usipande tena mpaka ziishe. Dalili za hatari ni tatu: kuhema hata ukiwa umekaa, kukohoa mate yenye povu, na kuyumba. Ya mwisho ina kipimo rahisi. Chora mstari wa mita 3 chini na umtake mgonjwa atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe hapo hapo, usiku au mchana, na asishuke peke yake.

Kuna dawa ya kukinga, asetazolamaidi, ambayo madaktari huwapa watu wazima miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Usijinunulie. Ni ya ukoo wa salfa, hivyo kama uliwahi kutokwa malengelenge au kuvimba kwa Septrini au SP, mwambie daktari kabla hajaandika.

Ukifika, siku mbili za kwanza uwe mpangaji, mwache mwingine aonyeshe mazoezi. Baadaye jipangie sekunde 20 za kuonyesha na dakika nzima ya kutulia. Watoto wa pale wamezaliwa na hewa hiyo, watakuacha nyuma wakicheka, nawe usijaribu kushindana nao. Kunywa maji lita 3 kwa siku. Jikinge na jua pia: mionzi yake huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na baridi itakufanya usihisi unavyoungua. Midomo hupasuka hata kwenye ngozi nyeusi.

Shikamooni. Mume wangu ni mwalimu, anajiandaa kwenda huko milimani. Mdogo wake aliugua selimundu, yeye mwenyewe hajawahi kupima. Na nikimuuliza akipata malaria huko atafanyaje, ananicheka eti kwenye theluji hakuna mbu. Naomba mnisaidie kumweleza. – Mama wawili, Singida

Marahaba, mama, na hujakosea kuuliza.

Selimundu kwanza. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende kwenye mwinuko mkubwa bila daktari wake kukubali, maana upungufu wa oksijeni ndio unaozifanya chembe zake za damu zijikunje. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi bila kuumwa na anaweza asijue maisha yake yote. Lakini mazoezi makali juu milimani yanaweza kumdhuru wengu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, kule juu, ni sababu ya kushuka na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa kuwa mdogo wake aliugua, mumeo apime kabla ya kukata tiketi. Kipimo ni cha damu na hospitali ya mkoa inatosha.

Malaria sasa. Ni kweli hakuna mbu wa malaria kwenye theluji, ila vimelea anaweza kuwa navyo mwilini tangu Singida. Huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mwezi kabla ya homa kutokea, na siku hizo atakuwa Nepal. Hatari iko wapi? Kichwa, kutapika na uchovu ndizo dalili za mwinuko vilevile. Mhudumu wa huko, ambaye huenda hajawahi kuona mgonjwa wa malaria, atamwambia apumzike tu. Tofauti kubwa ni homa: mwinuko peke yake kwa kawaida haupandishi joto hadi nyuzi 38 na zaidi. Kwa hiyo abebe kipimajoto, vipimo vya haraka vya malaria viwili, na dozi moja kamili ya dawa mseto aliyoandikiwa, vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na amezee chakula chenye mafuta. Vipimo vikae karibu na mwili wake usiku, visigande. Na kwenye karatasi ndani ya pasipoti aandike kwa Kiingereza kwamba anatoka nchi yenye malaria. Akizidiwa, karatasi itamsemea.

Nimechangiwa mipira na wazazi. Niijaze kabisa kabla ya safari au nikajazie huko? Nasikia huko juu hupasuka. – Mwalimu, Kondoa

Itoe upepo. Haitapasuka ndani ya ndege, ila mishono huvutika na mzigo unajaa hewa bure. Usiibonye ikawa chapati. Bonyeza upande mmoja uingie ndani, mpira uwe kama bakuli, kisha upachike mmoja ndani ya mwingine. Mipira minane ya namba 4, ambayo ndiyo inayofaa watoto walio chini ya miaka 12, ina uzito wa kilo 3 tu. Minne ya wavu ni kilo 1 na kidogo.

Hilo la kupasuka lina chanzo chake. Mpira unashindana na hewa ya nje, na juu hewa ya nje ni nyepesi. Mpira uliosoma bar 0.8 kwenye kipimo cha pampu hapa Kondoa utasoma karibu 1.0 kwenye mita 3,400 kama joto ni lile lile. Lakini asubuhi ya nyuzi 5 utarudi karibu 0.9, halafu jua likipanda unakuwa mgumu tena. Sheria ya soka inaruhusu 0.6 hadi 1.1. Kwa watoto kaa 0.6 au 0.7, na pima wakati wa kucheza, siyo usiku uliotangulia. Hewa nyepesi pia hupunguza kuzuiwa kwa mpira, hivyo pasi ndefu hupitiliza. Kwenye uwanja wenye ukingo, fupisha pasi zote.

Sindano ndizo zitakazokuvunja moyo. Beba kumi kwa kila pampu. Huvunjika kwa sababu mbili: imeingizwa kavu, au pampu imeshikwa kwa pembe huku mtu anasukuma kwa haraka. Ilowanishe kwa glisirini au hata mate, iingize wima ukiizungusha polepole, mpira uwekwe katikati ya magoti, na mkono wa kushoto ushike shingo ya pampu isiyumbe. Ikivunjikia ndani, usiichokonoe kwa waya. Utatoboa kibofu, na kibofu kikitoboka pale mpira ndio umekwisha. Pampu na sindano ziende kwenye begi la kukaguliwa, siyo la mkononi.

Badala ya vizibao, kata kitenge vipande vya sentimita 5 kwa mita 1, rangi mbili, thelathini na mbili. Huvaliwa begani kupita kifuani, na uzito wake haufiki wa jezi tatu. Weka na kanga mbili: ukiikunja pembetatu inafunga mkono uliovunjika, ikiwa mbili kwenye miti miwili inakuwa machela, na shule nyingi za milimani gari haliifikii.

Kufundisha watoto sina wasiwasi. Ila nimeambiwa nifundishe walimu, kumi na sita, wengi ni wa hisabati na lugha waliotumwa tu na mkuu wao. Lugha yao siijui. Siku tano. – Mwalimu, Bahi

Hapa ndipo tungependa kila anayeondoka asome mara mbili, maana wewe utaondoka na wao watabaki. Kila dakika utakayoifundisha mwenyewe kwa ufundi wako ni dakika ambayo mwalimu wa pale hakujifunza kuiendesha.

Siku ya kwanza, endesha wewe, dakika 40, watoto 24. Lakini wape walimu kazi ya kuhesabu. Kundi la kwanza lihesabu mtoto mmoja waliyemchagua ameugusa mpira mara ngapi ndani ya dakika 5. La pili lihesabu watoto wangapi wamesimama wanangoja. La tatu lipime umeongea sekunde ngapi kabla mchezo haujaanza. Fanya kipindi kibaya makusudi: mstari mmoja, mpira mmoja, maelezo marefu. Kisha rudia na timu sita za watoto wanne, mipira sita ya matambara, maelezo ya sekunde 40 yasiyozidi. Waambie walinganishe tarakimu zao. Kwenye mstari mmoja mtoto hugusa mpira mara moja au mbili tu; kwenye vikundi hugusa mara nyingi. Mwalimu wa hisabati atalielewa hilo kabla ya mwalimu wa michezo, na huyo ndiye utakayemtegemea.

Siku ya pili, walimu wawili wawili washike kituo kimoja kila jozi, wewe ukizunguka. Siku ya tatu wao waendeshe yote, nawe kaa ukutani na filimbi yako iwe mfukoni kwa mwingine. Tunasema hivyo kwa sababu kosa la kila mkufunzi ni lile lile: kipindi kikiyumba kidogo anaipuliza filimbi, anakitwaa, na kesho yake hakuna mwalimu anayejaribu. Kiache kiyumbe. Muulizane baadaye, dakika 20, swali moja tu: wapi watoto walisimama wakingoja? Siku ya nne wapeleke shule jirani wakaendeshe kwa watoto wasiowajua. Siku ya tano kaa nao na mkuu wa shule, mchukue ratiba ya muhula, mwandike kipindi, siku na jina la mwalimu. Epuka kipindi kilicho kabla tu ya mtihani wa hisabati. Mnajua wenyewe kipi humezwa na kipi.

Mavazi ni jambo dogo linaloharibu warsha. Mwalimu wa kike aliyevaa sari au gauni refu hatakimbia mbele ya mkuu wake, na usimwite aje. Mpe kituo cha kurusha na kulenga, ambacho kinaendeshwa kwa kusimama, na umwombe mkuu mapema aruhusu suruali kwa wiki hiyo. Wasichana wakubwa nao wakijitenga siku fulani, usiulize mbele za watu. Muulize mwalimu wa kike, faragha.

Kuhusu lugha, maneno kumi yanatosha ukiyajua vizuri. Kinepali: ek, dui, tin ni moja, mbili, tatu, pani ni maji, bistarai ni polepole, ramro ni vizuri. Wanaokwenda Lesotho wana raha zaidi, kwa kuwa Kisotho ni ndugu wa Kiswahili: peli ni mbili, tharo ni tatu, metsi ni maji, batho ni watu. Filimbi nayo ni lugha. Mlio mmoja mfupi ni simama, miwili ni njooni, mmoja mrefu ni kaeni chini mlipo. Wafundishe huo wa tatu kabla ya yote, ndio utakaoutumia mpira ukielekea ukingoni.

Nitakuwa Lesotho mwezi Julai. Kwa Mgogo kama mimi baridi ya Dodoma ya Julai tu inanitosha. – Mwalimu, Chamwino

Julai ya Lesotho ni kipupwe kamili. Nchi yote iko juu: sehemu yake ya chini kabisa ni mita 1,400, kilele cha Thabana Ntlenyana ni mita 3,482. Nyanda za juu kama Mokhotlong usiku hushuka chini ya sifuri na theluji huanguka.

Panga vipindi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kabla ya hapo sakitu, yaani umande ulioganda, imeufanya uwanja mgumu kama sakafu, na anayeanguka anachubuka hadi mfupa. Saa sita hivi huyeyuka ukawa tope la kuteleza juu huku chini pameganda, na hilo ni baya zaidi kwa vifundo vya miguu. Ingia uwanjani mwenyewe kwanza na kanyaga kwa kisigino: kikizama sentimita 1 na kunata, hamia sehemu yenye nyasi.

Kupasha misuli moto kuchukue dakika 12 hadi 15, mara mbili ya unavyozoea, na kuwe kwa mwendo: kutembea haraka, kuruka kamba, kukimbizana. Usiwasimamishe kunyoosha viungo mwanzoni, watapoa. Watoto huja na mablanketi na mabuti ya mpira. Wasivue mablanketi mpaka waanze kutoka jasho, yawekwe fungu kwa kila timu, na ukiita kwa milio miwili ya filimbi, kila mmoja aende kwenye blanketi lake. Mabuti hayafai kwa kukimbia kwa kona kali. Chagua michezo ya mikono, au wacheze soka ya kutembea.

Naajiriwa na halmashauri. Nikiwa likizo, nahitaji ruhusa? Na viza ya utalii inatosha? – Mwalimu, Manyoni

Ruhusa unahitaji hata ukiwa likizo. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu hadi kwa mkurugenzi, uanze miezi miwili kabla, na mwaliko wa shule uambatishwe. Viza ya utalii haitoshi: nchi nyingi, Nepal ikiwemo, huhesabu kujitolea kuwa kazi. Waandikie ubalozi wao ukieleza wazi utakachofanya. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nimebakiza nafasi ya kilo 5. Niwaachie nini? Nilifikiria jezi. – Mama Mwalimu, Mpwapwa

Mama, jezi zitavaliwa na timu moja siku moja, kisha zitafungiwa ofisini zisichafuke. Waachie vya kutengenezea: pampu mbili, sindano ishirini, viraka na gundi ya baiskeli, sindano kubwa ya kushonea magunia na uzi wa nailoni, kamba mita 60, na mkasi. Waonyeshe walimu wawili, na watoto wawili wa darasa la chini, ambao watabaki shuleni miaka mingi, namna ya kushona mpira na kuvisha tyubu. Wafanye mbele yako mpaka wautoe mpira mzima bila wewe kugusa.

Acha na daftari la mistari, si la kuchapishwa. Kila ukurasa mchezo mmoja: mchoro, watoto wangapi, eneo hatua ngapi, sheria tatu, na nafasi tupu chini kwa mwalimu wa pale kuandika alichobadilisha. Wachore wenyewe, kwa lugha yao. Vifaa vikae darasani, siyo kwa mkuu, na jina la mtoto anayeshika ufunguo libandikwe mlangoni. Sindano ya pampu ifungwe kwa uzi kwenye mpini wa pampu yenyewe, la sivyo itapotea wiki ya kwanza.